Nyumba hupekuliwa mbele ya mjumbe. Simu hupekuliwa mbele ya nani?

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Waheshimiwa Wabunge wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: KUCHUKULIWA KWA TAARIFA ZA MAWASILIANO YA WANANCHI BILA KIBALI CHA MAHAKAMA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni wakala wa kuweka na kutoa fedha kwa simu hapa Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu. Nilianza na mwamvuli na meza moja. Sasa nina kibanda cha mbao chenye dirisha dogo, na benchi nje. Nawaandikia kuhusu kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, pamoja na vifungu jirani zake. Sikusomea sheria. Nimevisoma kwa sababu kuna siku nilifanya jambo ambalo mpaka leo linanikaa rohoni, na nilitaka kujua kama nilikuwa na njia ya kulikataa.

Nianze na siku nyingine kwanza. Miaka kadhaa iliyopita polisi walikuja nyumba tuliyopanga. Kijana mmoja mpangaji mwenzetu alishukiwa kuficha vipuri vya pikipiki za wizi. Walikuja askari watatu, mchana kweupe, na mjumbe wetu wa nyumba kumi yuko nao, ameitwa kutoka kwenye bustani yake akiwa na kandambili miguuni na udongo mikononi. Wakaeleza wanachotafuta. Wakapekua chumba cha kijana, stoo na uani, sisi tunaangalia. Walichokichukua wakakiandika kimoja kimoja kwenye karatasi. Kijana akatia sahihi, mama mwenye nyumba akatia sahihi, mjumbe akatia sahihi. Hakuna aliyefurahi siku ile. Lakini jioni tulipokaa kula tulijua nani ameingia kwetu, alikuwa anatafuta nini na ameondoka na nini. Ndivyo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inavyotaka: kinachochukuliwa kitolewe risiti, yenye sahihi ya mwenye mahali na ya mashahidi walioshuhudia upekuzi.

Siku ya pili ndiyo inayonikera. Alikuja mtu kibandani mida ya saa tano, wateja wamepungua. Akajitambulisha kuwa ni mtu wa usalama, akatoa kitambulisho na kukirudisha mfukoni kabla sijasoma hata jina. Akasema anataka kuona daftari. Mnalijua daftari la wakala: tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Sikumuuliza karatasi. Sikumuuliza anamtafuta nani. Nilimpa. Akapiga picha kurasa sita, akashukuru, akaondoka. Dakika kumi hazikufika.

Kurasa sita kwangu ni watu mia na ushehe. Humo mna mwalimu anayemtumia mama yake fedha kijijini kila mshahara ukitoka. Mna binti anayepokea fedha kwa mtu ambaye nyumbani kwao hawamjui. Mna baba ambaye kila Jumatatu anatoa kiasi kilekile, na mimi najua ni cha dawa gani kwa sababu aliniambia siku moja akiwa amechoka. Wote hao niliwafungulia mlango kwa niaba yao, wao wako makazini, na mpaka leo ninapoandika wengi wao sijawaambia. Wengine watajua kwa kusoma hapa.

Hao hao ndio niliowasajili. Mei 2019 usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza, sisi mawakala ndio tulioshika mikono ya watu. Mtakumbuka foleni za NIDA mwishoni mwa mwaka ule, hata muda ukasogezwa kutoka Desemba 31 mpaka Januari 20, 2020. Nilishika dole gumba za bibi zilizosagika kwa jembe hata mashine ikawa inazikataa; tulizipangusa, tukazilowesha kidogo, tukajaribu tena. Waliniuliza, mwanangu, hii ya nini? Niliwajibu nilivyofundishwa: ni kwa usalama wako, mtu asitumie jina lako kufanya uhalifu. Nililiamini jibu lile na bado naliamini. Lakini tangu siku ile kila namba ya simu nchini ina mwenye nayo, ana jina, ana sura, ana alama za vidole. Anayeweza kuuliza habari za namba ameuliza habari za mtu. Ndiyo maana swali la nani anaruhusiwa kuuliza, na kwa idhini ya nani, limekuwa zito kuliko lilivyokuwa enzi za laini za kuokota.

Katiba yetu inajua hilo. Ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili heshima na hifadhi ya “maskani yake na mawasiliano yake binafsi”. Angalieni walivyoyaweka: maskani na mawasiliano, katika sentensi moja, kama vyumba viwili vya nyumba moja. Ibara ya 18 inaongeza “haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano yake”. Na Ibara ya 16 hiyo hiyo inaipa mamlaka ya nchi kazi ya kuweka utaratibu wa sheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho faragha inaweza kuingiliwa. Kwa hiyo sisemi kwamba Serikali isiguse kamwe. Katiba imekubali kwamba kuna siku itagusa. Nauliza utaratibu uko wapi.

Utaratibu uliopo ni huu. Chini ya kifungu cha 32, kama kilivyopitishwa 2015, mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa ngazi inayolingana naye, anaweza kumwamuru mtu yeyote mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi. Anayepeleleza na anayetoa amri ni ofisi moja. Mahakama inakuja baadaye, pale njia hiyo inaposhindikana. Anayekaidi amri anakutana na kifungu cha 22: faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Mwenye taarifa zake, yule ambaye maisha yake ndiyo yanayofunuliwa, hatajwi kuitwa, kuulizwa wala kuambiwa.

Kuna waliojaribu kukataa. Waendeshaji wa Jamii Forums, jukwaa la mijadala mtandaoni, waliombwa na polisi majina ya watu walioandika humo, wakakataa, wakaenda Mahakama Kuu kupinga kifungu hiki. Machi 2017 hoja zao zikakataliwa. Mmoja wa waanzilishi, Maxence Melo, alikuwa ameshakamatwa Desemba 2016, na Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani na kumpa adhabu ya faini ya milioni 3 au mwaka 1 jela. Yule ana mawakili na jina lake linajulikana ndani na nje ya nchi. Mimi nina benchi. Mkinitegemea mimi niwe ndiye kizuizi kati ya mtu wa usalama na daftari la watu, mmejua jibu: nilishindwa dakika ya kwanza.

Na kuna jambo nililiona katika kusoma kwangu likanishangaza. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 inamtaka askari anayehitaji kunasa mawasiliano aombe amri ya mahakama, na kabla ya hapo awe na ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ombi linasikilizwa upande mmoja, mshukiwa hajui, kwa hiyo siri ya upelelezi haivuji. Ugaidi, Waheshimiwa! Kosa zito kuliko karibu yote. Kwa gaidi tumeweka milango miwili, wa Mwanasheria Mkuu na wa mahakama. Kwa kijana aliyeandika neno kwenye simu, au mteja wangu ambaye hata hajui kama anatajwa, tumeweka saini moja ya kituoni. Mwaka 2002 Bunge lilijua namna ya kufanya. Lilichokijua 2002 lilikiacha 2015.

Sasa niwape maoni ya wananchi, maana mara nyingi nasikia viongozi wakisema wananchi hawana shida na jambo hili. Mimi nakaa nao.

Wapo wasio na shida, ni kweli. Dereva bodaboda mmoja huniambia kila mara: mimi sina cha kuficha, wasikilize mpaka wachoke. Wapo wanaotaka polisi wawe na nguvu zaidi. Mama mmoja anayeuza mboga stendi alipokea ule ujumbe mnaoujua, “ile hela tuma kwenye namba hii”, akatuma ada ya mtoto akidhani ni mwalimu. Alilia hapa benchini. Yeye angetaka namba ile ifuatwe siku hiyo hiyo, mtu akamatwe na simu mkononi, na mimi nilitaka hivyo hivyo. Wapo wenye ndugu zao Kibiti na Rufiji, wanaokumbuka 2017, askari 8 walivyouawa kwa siku moja ya Aprili na viongozi wa vijiji walivyokuwa wakipigwa risasi milangoni kwao. Hao ukiwaambia habari za faragha wanakutazama tu.

Lakini watu hao hao, na hili ndilo ninaloomba mlisikie, wakishika simu wanashusha sauti. Nawasikia kwenye foleni. Mazungumzo yakifika kwa diwani, bei ya mbolea, kijana wa mtaa wa pili aliyechukuliwa na gari usiku, mtu anakatisha: “Hayo tutaongea tukionana.” Miaka ya nyuma sentensi hiyo niliisikia kwa nadra, kwa wapenzi na wenye madeni. Sasa naisikia kwa mzee anayezungumza na mwanawe habari za shamba la ukoo lenye mgogoro na ofisi. Naisikia kwa wauguzi. Yule bodaboda asiye na cha kuficha, siku ile nilipomuuliza habari za uchaguzi, aliizima simu na kuitoa mfukoni akaiweka kwenye boksi la pikipiki kabla hajanijibu. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Hayo ndiyo maoni. Mkipeleka dodoso kwa watu hawa kwa njia ya simu, na kuwauliza kama wanaogopa kusikilizwa kwenye simu, watawajibu kwamba hawaogopi.

Siwezi kujua ni mara ngapi mtu anasikilizwa kweli. Huenda ni mara chache mno. Lakini hofu hailingani na idadi; inalingana na kutojua. Nyumbani kwetu walipekua siku moja, wakaondoka, tukalala. Kwenye simu hakuna aliyeona wakiingia, kwa hiyo hakuna anayejua kama wameshatoka.

Na msidhani jambo hili linawahusu wapinzani na wanaharakati peke yao. Julai 2019 zilisambaa sauti za mazungumzo ya simu ya wakubwa wa chama tawala wenyewe. Walisikika wakizungumza Mzee Kinana, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa CCM, Nape Nnauye na wengine, kila mtu nchini akawa anazicheza. Hapa kwangu watu walizisikiliza kwa spika. Wahusika wengine wakaenda kuomba radhi kwa Rais wa wakati ule, wakasamehewa, magazeti yakaandika juu ya msamaha. Swali la nani alinasa simu za watu wazima wakizungumza, na kwa idhini ya nani, sikulisikia likijibiwa. Miaka michache baadaye Nape akawa waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, na ni wizara yake iliyopeleka bungeni muswada uliozaa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nampongeza kwa hilo kwa moyo wote. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, imezinduliwa Aprili 2024, nasi mawakala tunatakiwa kuheshimu taarifa za wateja. Ila sheria ile imeweka misamaha kwa mambo ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa, na kifungu cha 32 kikabaki kilipo. Mimi naweza kuadhibiwa nikimwonyesha jirani yangu daftari, lakini yule mgeni wa saa tano hakuhitaji hata kunipa jina.

Liko na jingine zito zaidi, nalitaja kwa uangalifu kwa kuwa ni madai. Septemba 2024 magazeti ya nje yaliandika kwamba mchunguzi wa zamani wa kampuni moja ya simu amedai, katika shauri la kazi huko London, kwamba taarifa za simu ya Tundu Lissu zilikuwa zikipelekwa serikalini katika wiki za kabla hajapigwa risasi Dodoma, Septemba 7, 2017. Waliompiga risasi hawajafikishwa mahakamani. Sitaki kumhukumu mtu. Nasema tu kwamba kama nchi ingekuwa na utaratibu wa kibali, leo kungekuwa na jalada mahakamani: ombi liliandikwa na nani, sababu ni ipi, jaji alisema nini, au kwamba hakukuwa na ombi lolote na aliyefanya alivunja sheria. Jalada hilo lingemsafisha asiye na hatia serikalini na katika kampuni kama ambavyo lingemfunua mwenye hatia. Bila jalada wote wanashukiwa, na askari mwema anabeba lawama ya mtu asiyemjua.

Nimeambiwa na ndugu yangu mmoja aliye polisi kwamba kwenda mahakamani kutachelewesha kazi. Namheshimu, amefanya kazi hiyo miaka mingi, na nilimsikiliza. Mtu ametekwa, simu yake inawaka sehemu fulani, unasubiri hakimu aamke? Hapana, usisubiri. Iandikwe kwamba kwa jambo la kuokoa maisha mkuu wa kituo aombe taarifa hapo hapo, kisha ndani ya saa 24 au 48 alipeleke ombi kwa hakimu na kueleza alichofanya, na hakimu akikataa taarifa zile zifutwe. Mashauri yetu siku hizi yanafunguliwa kwa mtandao na mahabusu wanasikilizwa kwa video wakiwa gerezani. Ombi la ukurasa mmoja halitashindwa kumfikia hakimu wa zamu. Na yule tapeli wa “tuma kwenye namba hii” halindwi na kibali. Hakimu gani atakataa, mama amekuja na ujumbe, namba na muda wa muamala?

Basi ombi langu ni hili. Rekebisheni vifungu vya 31 mpaka 38 vya Sheria ya Makosa ya Mtandao ili amri ya kutoa taarifa za mtu, ziwe za nani kampigia nani au za maneno yenyewe, itoke kwa hakimu au jaji, ikitaja mtu au namba, sababu na muda. Kazi ya mjumbe wetu na kandambili zake ifanywe na mahakama, kwa kuwa kwenye simu mjumbe hawezi kusimama. Kisha mtu aambiwe. Upelelezi ukishakwisha na hakuna kitakachoharibika, apelekewe barua: taarifa zako zilichukuliwa tarehe fulani kwa amri namba fulani. Afrika Kusini Mahakama ya Katiba iliamua hivyo Februari 2021, katika kesi iliyotokana na mwandishi wa habari aliyekuwa akisikilizwa simu zake: ikasema sheria yao ya kunasa mawasiliano ina kasoro, pamoja na mengine, kwa kutomjulisha mtu baada ya jambo kwisha. Wale walikuwa tayari na jaji anayetoa idhini, na bado wakaambiwa haitoshi. Sisi tuko nyuma ya hapo walipokuwa.

Idadi ya amri hizo isomwe bungeni kila mwaka, namba tu, bila majina. Nasi mawakala, na wafanyakazi wa kampuni za simu walio chini kabisa, wenye kukaa na mashine na madaftari, tulindwe kwa maneno ya wazi kwamba anayedai kuona kibali hatendi kosa. Hili la mwisho linaweza kuonekana dogo mbele yenu. Kwangu ndilo kubwa. Siku ile sikukosa ujasiri tu. Nilikosa sentensi ya kusema. Nikiwa na sheria ninayoweza kuitaja, ningeweza kumwambia yule mtu, kwa adabu zote, kaka, naomba kuona karatasi ya mahakama, nami nitakupa ushirikiano. Pengine angekuwa nayo. Pengine alikuwa anamtafuta mtu mbaya kweli, na kurasa tano kati ya zile sita hazikumhusu hata kidogo.

Daftari lile lilijaa, nimelifunga kwa mpira na kulihifadhi nyumbani. Zile kurasa sita nimezikunja pembe. Nimeanza kuwatafuta waliomo mmoja mmoja, ninaowafahamu, niwaambie. Mpaka sasa nimeongea na kumi na wanne. Mwalimu alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama jina la mama yake nalo limo. Limo.

Nakala ya barua hii nitaipeleka mwenyewe kwa mkono katika ofisi ya mbunge wetu. Nipo kibandani kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, kama kuna ofisa wenu atakayependa kuniuliza lolote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakala wa miamala ya simu,
Msamvu, Morogoro.